Hesabu ya Magugu ya Kowuor

Kila asubuhi mwanzoni mwa mwaka wa 1996, kabla sijavaa sare ya shule, nilishuka ziwani na fremu ya mbao begani. Fremu ilikuwa ya mraba, mita moja kila upande, na ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Wenzangu wa Darasa la Saba walishuka ziwani kuchota maji na kuoga. Mimi, Beldina, nilishuka kuhesabu magugu. Walinicheka mpaka wakachoka, kisha wakanibandika jina la Karani wa Magugu, na jina likanikaa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Katika ufuo wetu wa Kowuor, nusu saa kwa miguu kutoka Kisumu mjini, kulikuwa na nguzo nyeupe iliyochomekwa majini. Niliingia mpaka maji yakafika magotini, nikaweka fremu juu ya magugu maji kando ya nguzo, kisha nikahesabu mashina yaliyokuwa ndani ya fremu. Nikitoka, niliandika nambari kwenye daftari. Wiki ya kwanza nilipata thelathini na nane, halafu thelathini na tisa, na mwisho wa Januari arobaini na mbili.

Magugu hayo yana maua ya zambarau, na ni mazuri mno kwa mtu asiyekula kutoka ziwani. Sisi tulikula kutoka ziwani. Baba yangu, Dalmas, alivua ngege, na Mama, Dorca, aliwakaanga na kuwauza barabarani. Zamani Baba aliisukuma mashua majini peke yake, akaondoka akipiga mluzi. Mwaka huo alihitaji wanaume wanne na panga moja kufungua njia, na akirudi mchana alikuta njia imejifunga nyuma yake. Siku hizo hakupiga tena mluzi.

Aliyenipa kazi hiyo ni Madam Elsie Wakhisi, mtaalamu wa mimea katika kituo kidogo cha utafiti wa ziwa jirani na shule yetu. Alichagua watoto watano wenye mwandiko unaosomeka, mmoja katika kila ufuo aliouchunguza. Mwenzangu mmoja alikuwa mbali, upande wa Seme, ukishapita Kombewa. Aliitwa Lornah, wa ufuo wa Kadundo. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa nambari zake tu, maana daftari lake lililetwa na mwalimu wake na kuwekwa mezani kando ya langu.

Kila Ijumaa baada ya masomo nilipeleka daftari kituoni. Katika chumba kimoja chenye mapazia mazito kulikuwa na kompyuta isiyozimwa kamwe, na kando yake simu na kijisanduku chenye taa nyekundu. Madam alichapa nambari za madaftari yote matano kwa Kiingereza, akaongeza majina yetu chini, akabonyeza kitufe.

"Zimeenda wapi?" nilimuuliza Ijumaa ya kwanza.

"Bado hazijaenda popote. Zimeingia kwenye seva yetu, hii hapa. Waraka wa Wizara ya Elimu unafikaje shuleni kwenu?"

"Headmaster wa shule jirani anauleta, Madam."

"Anatoa ule wake?"

"Hapana. Anatoa kopi. Wake anabaki nao. Halafu headmaster wetu naye anapelekea shule inayofuata kopi."

"Basi umeelewa seva," alisema, akafurahi kana kwamba nimepasi mtihani. "Hakuna ofisi moja kubwa inayokaa na nyaraka zote za dunia. Kila seva inaweka nakala yake na kumpa jirani nakala. Hii yetu inapigia ya Nairobi simu mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Inaipa nyaraka mpya za kwetu, inachukua zile ambazo hatuna. Nairobi nayo ikifika saa yake inapigia ya Uingereza. Inaendelea hivyo mpaka Australia. Kila seva inaandika jina lake juu ya waraka, ndiyo maana unaweza kuona umepitia wapi."

Nyaraka hizo zilipangwa katika vikundi vya habari. Kulikuwa na kikundi cha mpira, cha nyota, cha wafugaji wa nyuki. Chetu kilikuwa cha magugu maji, na kilisomwa na watu wa nchi nyingi ambao maziwa na mito yao ilisongwa kama ziwa letu. Saa kumi na mbili ilipofika, kile kijisanduku kilipiga kelele kama redio iliyopoteza stesheni, na nambari yangu ya thelathini na nane ikaondoka Kisumu. Nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele.

Laiti ningebaki hivyo. Lakini mwanzoni mwa Februari watoto waliokuwa wakioga waliona nyoka katikati ya magugu, mweusi, mnene. Tangu siku hiyo kila shina lililonigusa mguu lilikuwa nyoka. Halafu nilichelewa shule mara mbili, na mwalimu wa zamu alinichapa mara mbili. Siku ya tatu nilisimama ufuoni na fremu begani, nikayatazama maji, nikayatazama magugu, nikakaa juu ya jiwe. Nikaandika arobaini na mbili.

Hakuna kilichonipata. Kesho yake nikaandika arobaini na moja, na keshokutwa arobaini na tatu. Nilijiona mwerevu sana, kwa maana nambari zisizofanana hazimshtui mtu. Fremu niliificha nyuma ya banda la nyavu ili nisichoke kuibeba. Kwa wiki nne sikulowesha hata kidole cha mguu, na kila Ijumaa daftari langu lilikuwa safi, bila doa la tope. Madam alinisifu kwa usafi huo.

Sijui hata leo kwa nini sikuona haya. Magugu yaliongezeka mbele ya macho yangu. Nguzo nyeupe ilizama katikati ya majani mpaka ikabaki ncha. Jioni moja Baba alirudi na ngege watatu tu, mikono imechanika, akaketi mlangoni na kumwambia Mama, "Hii majani inataka kutumaliza." Kisha akanigeukia. "Nyathina, mtoto yangu, hiyo Madam yako anasema nini?"

"Anasema wanaangalia, Baba."

"Wewe hesabu tu vizuri. Wakijua vile tunaumia, watasaidia."

Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Ijumaa ya tarehe mosi Machi, Madam alinipokea akitabasamu. Dakta Wepukhulu, mtoto wa Bungoma aliyekuwa akifanya kazi Australia, alikuwa amelea fukusi wanaokula magugu maji na kuacha mimea mingine yote. Wadudu wenyewe ni wadogo kama wale fukusi wa mahindi. Alikuwa na masanduku matatu ya kutuma Kisumu, na yote matatu yangemwagwa katika ufuo mmoja, kwa sababu wakigawanywa wangekuwa wachache mno na wangekufa.

"Ufuo gani, Madam?"

"Ule ambao magugu yanaongezeka kwa kasi kuliko kwingine. Hapo majani ni machanga, wadudu watashiba na kuzaana. Ataamua kwa kusoma nambari zenu."

Niliaga upesi nikaondoka. Nyumbani sikusema neno, lakini habari ilifika kwa miguu yake. Jumapili baada ya kanisa Mzee Zadock, mwenyekiti wa ufuo wetu, aliwaambia wavuvi watafute mahali pa kuyapokea masanduku ya daktari huyo. Hakuna aliyedhani masanduku yangeenda kwingine. "Kowuor ndiyo imefungwa kabisa," alisema. "Na tuko na mtu wetu anahesabu kila asubuhi." Alininyoshea kidole, watu wakapiga makofi. Baba alipiga makofi kuliko wote.

Kuanzia hapo nilipitia kituoni kila jioni nikitoka shule. Madam alidhani nina hamu ya kusoma, akaniruhusu kubonyeza vitufe. Siku moja nilitafuta nyaraka za mwanzo wa Februari, zile za uongo wangu wa kwanza, nikakuta hazipo. Moyo ulitulia.

"Zimefutika, Madam?"

"Hapa kwetu, ndiyo. Diski yetu ni ndogo, kwa hiyo seva inatupa kila waraka uliofikisha siku saba. La sivyo ingejaa na kukwama."

Nililala vizuri siku hiyo. Niliamini kwamba kama waraka umetoweka Kisumu, umetoweka duniani. Nikaamua kwamba siku moja ningeanza upya, kuhesabu kwa kweli, na yale ya nyuma yangesahaulika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Jumatatu ya tarehe kumi na moja nilimkuta Madam ameinamia kioo cha kompyuta, amekunja uso. Waraka wa Dakta Wepukhulu ulikuwa umefika saa sita, baada ya kusafiri siku tatu. Alinisomea kwa Kiswahili.

"Anasema: Kadundo imepanda kutoka thelathini na tano hadi sitini na nane. Kowuor imesimama kwenye arobaini na mbili kwa wiki nne. Hapo magugu hayaongezeki. Masanduku yaende Kadundo. Kama kuna mwenye pingamizi, nisikie kabla ya Alhamisi tarehe kumi na nne, maana siku hiyo yanapanda ndege."

Chini yake alikuwa ameweka nambari zangu, moja baada ya nyingine. Arobaini na mbili. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Zote zilikuwapo, hata zile ambazo seva yetu ilikuwa imekwisha kuzitupa.

"Lakini zilifutika," nilisema kwa sauti ndogo.

"Zilifutika kwetu. Seva ya huko kwake ni kubwa, inaweka nyaraka miezi." Madam alikuna kichwa. "Nilidhani Kowuor mna hali mbaya zaidi. Pikipiki ya kituo imeharibika tangu Krismasi na kazi za hapa zimenibana, sijafika huko. Lakini nambari ni nambari."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Ilikuwa saa kumi na nusu, na seva ingepiga simu saa kumi na mbili. Ningesema, angechapa mistari mitatu, ingeondoka jioni ile ile na kufika Jumatano. Nalijua hilo sasa. Badala yake nikaanza ujanja.

"Madam, mtu akikosea waraka, anaweza kuutuma tena uliosahihishwa, ukakaa mahali pa ule wa kwanza?"

"Hapana. Kila waraka unapewa nambari yake ya pekee. Seva ikiletewa waraka wenye nambari ambayo inayo tayari, inasema ninao, na haiufungui. Bila hivyo waraka mmoja ungezunguka dunia na kurudi mara elfu."

"Na kuufuta kila mahali?"

"Unaweza kutuma amri ya kufuta. Itaufuata nyuma, ikipita kila seva. Lakini seva nyingi siku hizi zinakataa amri hizo, kwa sababu wahuni walizitumia kufuta nyaraka za watu. Na hata zikikubali, aliyesoma ameshasoma." Aliniangalia. "Kwani umekosea kitu, Beldina?"

"Hapana, Madam. Nauliza tu."

Nikaenda nyumbani. Siku hiyo nilidanganya mara ya mwisho, na ndiyo iliyotugharimu kuliko zote.

Jumanne jioni habari za Kadundo zilikuwa zimefika ufuoni. Mzee Zadock alikuja kwetu akitetemeka kwa hasira. "Sisi tunakufa hapa na box zinaenda Kadundo? Kwani huyo daktari haoni?"

"Labda kuna mtu Kadundo amedanganya," jirani mmoja alisema. "Huyo mtoto wao ameongeza nambari."

"Hiyo inawezekana," Baba alijibu. "Lakini hapa kwetu hakuna makosa. Mtoto yangu ameingia maji kila asubuhi, hata na ile nyoka."

Walipoondoka nilimwona Baba akikunja wavu mkubwa na kuufunga kwa kamba, kama unavyofunga kitu usichotarajia kukifungua. Alimwambia Mama kwamba ndugu yake wa Obunga, mtaa wa mjini Kisumu, alikuwa amempatia kibarua cha kubeba magunia kwenye maghala. Angehamia huko mwisho wa wiki, maana magunia hupakuliwa usiku. Mama alimuuliza angerudi lini. Akakaza fundo la kamba.

Nilikaa nyuma ya nyumba nikilia. Lornah ambaye sikumjua alikuwa akitukanwa kwa kosa langu, na Baba alikuwa amenitetea. Sikuweza tena. Nikaingia ndani na kusema yote: nyoka, jiwe, wiki zote zile, fremu iliyofichwa nyuma ya banda la nyavu.

Nilitarajia anichape. Baba hakuinuka. Alinitazama kana kwamba alijaribu kukumbuka alikokuwa ameniona, kisha akasema, "Asubuhi tunaenda kwa Madam." Afadhali angenichapa.

Asubuhi hiyo ya Jumatano, kabla ya kwenda kituoni, Baba aliitoa fremu mafichoni, akanikabidhi na kunielekeza majini. Niliingia. Nilihesabu huku meno yakigongana. Mashina yalikuwa sabini na tisa.

Madam Wakhisi alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, "Nami nilipaswa kuja kuona kwa macho yangu." Akavuta kiti, akanikalisha mbele ya kompyuta. "Chapa wewe. Jina lako ndilo lililo chini ya zile, jina lako litakuwa chini ya hii."

Nikachapa kwa kidole kimoja, Madam akinisaidia Kiingereza. Niliandika kwamba nambari za Kowuor tangu Februari hazikuhesabiwa, kwamba nilizitunga, na kwamba hesabu ya kweli ya leo ni sabini na tisa. Nikaandika jina langu lote. Tukaambatanisha waraka huo na ule wa Dakta Wepukhulu ili yeyote atakayesoma ule wake aone na huu.

Saa sita seva ilipiga simu Nairobi. Kijisanduku kilizomea, kikanyamaza, kikazomea tena. Laini zilikuwa zimejaa. Kikajaribu mara tano, kikaacha.

"Si tumpigie simu yeye mwenyewe?" Baba aliuliza.

"Simu yetu imefungwa, haipigi nje ya nchi," Madam alisema. Hata hivyo alikwenda posta, akapanga foleni, akaomba aunganishwe na Australia. Kule ilikuwa usiku tayari, ofisi zilikuwa zimefungwa zamani, na simu ikalia bila mtu. Barua ya kompyuta, ya kumwendea yeye peke yake, nayo ingepita katika laini zile zile na kungoja katika mashine zile zile. Tulikaa kituoni mchana kutwa, Baba kofia mkononi, tukikitazama kijisanduku chenye taa nyekundu.

Saa kumi na mbili jioni laini ilipatikana. Waraka wangu uliondoka Kisumu kwa sekunde chache tu. Lakini Nairobi ingepigia Uingereza asubuhi, na Uingereza nayo ilikuwa na zamu yake. Madam alihesabu kwenye vidole, akafika Ijumaa, akaacha kuhesabu.

Jibu la Dakta Wepukhulu lilitufikia Jumatatu iliyofuata. Lilikuwa fupi. Waraka wa Beldina ameupata Ijumaa. Masanduku yalipanda ndege Alhamisi yakiwa na karatasi za kibali za Kadundo, na hakuna awezaye kuyageuza. Anamshukuru aliyesema ukweli. Nambari za Kowuor zilizotungwa amezitoa katika jedwali lake. Mwaka huu hana masanduku mengine.

Baba alikuwa ameshakwenda Obunga siku mbili kabla. Mzee Zadock hakunigombeza. Aliacha tu kunisalimia, na wavuvi wengine nao wakaacha. Wasichana waliokuwa wakiniita Karani wa Magugu hata jina hilo walilinyamazia. Niliendelea kuhesabu kila asubuhi kwa sababu sikujua la kufanya. Themanini na tatu. Themanini na nane. Madam alizituma kama kawaida, nami sikujua kama kulikuwa na mtu duniani aliyeziamini.

Nilifikiri aibu yangu imefikia mwisho. Aprili ukaja waraka kutoka kwa mwalimu mmoja wa kike wa Malawi, kando ya Mto Shire. Seva yake ilikuwa na zile nyaraka zangu za zamani, lakini ule wa kusahihisha haukuwahi kuifikia, sijui ulipotelea mashine gani. Madam alinitafsiria pole pole.

"Mpendwa Beldina wa Kowuor. Watu wa kijiji changu wamezuiwa na magugu miaka miwili. Nimesoma kwamba kwenu yamesimama kwenye arobaini na mbili kwa wiki nne. Hatujasikia habari kama hiyo popote. Nimewasomea wavuvi wetu, wamefurahi mno. Tafadhali tuambie mmefanya nini."

Nilipiga kichwa mezani nikalia kwa sauti. Baba na watu wa Kowuor nilikuwa nimewazoea katika majuto yangu. Hawa sikuwajua hata kwa sura, na walikuwa wamefurahi kwa sababu yangu. Madam aliniacha nilie. Nilipomaliza akasogeza kibao cha kuchapia karibu nami, wala hakuniambia cha kuandika.

Niliandika: "Mpendwa Mwalimu. Hatukufanya lolote. Niliogopa kuingia majini, nikaandika nambari za uongo. Magugu yetu leo ni tisini na moja. Tafadhali waambie wavuvi wenu kwamba nawaomba radhi." Nikangoja kelele za saa kumi na mbili, nikauona ukiondoka. Hakujibu kamwe. Nadhani hata mimi nisingejibu.

Miezi ikapita, na habari njema pekee ilitoka Kadundo. Nambari za Lornah ziliacha kupanda mwezi wa Septemba. Madam aliniambia kwamba majani yake yalikuwa na alama za kuumwa, na fukusi walikuwa wamezaana. Aliomba ruhusa kwa Dakta Wepukhulu tuchukue wachache. Jibu lilikuja kwamba karai moja laweza kutolewa, mradi hesabu ya ufuo utakaolipokea iaminike. Madam alimtumia kurasa za daftari langu, miezi sita mfululizo, zenye madoa ya tope.

Jumamosi moja ya Novemba pikipiki ya kituo, iliyotengenezwa hatimaye, iliingia Kowuor. Nyuma ya Madam alikaa msichana mwembamba amekumbatia karai lililofunikwa kwa chandarua. Alikuwa Lornah. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kumwomba radhi, ikanitoka yote.

"Wewe ndiye arobaini na mbili?" aliniuliza.

"Ndiyo, ni mimi."

"Maneno ya huku kwenu yalifika kwetu, kwamba nimedanganya. Mwalimu akanisimamisha mbele ya shule nzima." Akanipa karai. "Usiwaweke kwenye jua."

Tukawamwaga kando ya nguzo nyeupe. Wakapotea mara moja katika majani, na ufuo ukaonekana kama ulivyokuwa. Wavuvi waliotazama wakatikisa vichwa na kuondoka. Madam alikuwa ameshatueleza kwamba wadudu wa karai moja wangehitaji mwaka, pengine miwili, kabla ya mashua kupita.

Baba alikuwa amekuja kutoka Obunga siku hiyo, bega moja limeshuka kwa sababu ya magunia. Mashua yake ilikuwa imelala juu ya mawe, mbao zimepasuka kwa jua. Hakuitazama. Alikuja akasimama karibu nami.

"Baba, wadudu hao wangekuwa hapa tangu Machi," nilisema. "Na wewe ungekuwa nyumbani."

"Ni kweli," alisema. Hakunifariji, nami nilishukuru. "Sikiza, nyathina. Mimi sikusoma, hiyo mashine siijui. Lakini nimeona hivi. Uongo yako ilitoka hapa kwa jiwe, umekaa tu. Ikaenda mpaka kwa watu hatutawahi kuona, na haikuhitaji nguvu. Ukweli nayo ikatumwa nyuma yake, ikachelewa kwetu, na kwa ile mama ya Malawi haikufika hadi yeye mwenyewe akauliza. Hakuna mtu anaweza kurudisha. Kwa hivyo kazi ya kusema ukweli inafanywa siku ya kwanza, kabla maneno itoke mkononi yako. Siku ya pili unaomba radhi tu."

"Nimesikia, Baba."

Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mbele yangu. Alishika upande mmoja wa fremu, mimi nikashika mwingine, tukaiweka juu ya magugu. Nilihesabu kwa sauti, shina baada ya shina, maji yakiwa baridi na kila kitu kikinigusa miguu.

"Mia moja na sita," nilisema.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Yalikuwa mia moja na sita.

"Basi," Baba alisema, "andika."